Mwoga Aliyenijazia Fomu

Nilimjua Tabibu kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote sikumwona hata siku moja ameketi akiupa mlango mgongo. Zahanati yetu ilikuwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Serengeti, upande wa Kisaka: vyumba vitatu, veranda na tangi la maji ya mvua. Kiti chake alikuwa amekibana kwenye kona, kati ya kabati la dawa na dirisha. Mgonjwa akiingia, Tabibu hakumtazama mgonjwa kwanza. Alitazama nani anamfuata nyuma.

Watu walimwita Daktari, naye hakukubali. "Mimi ni tabibu," alisema. "Daktari yuko Mugumu." Kwao ni Tarime, upande wa Kemambo, zaidi ya hapo sikuwahi kuuliza, wala yeye hakuwahi kusema. Alikuwa mwembamba, shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni, moja ya akiba. Na alikuwa mwoga. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima, maana mwenyewe alikuwa akiutangaza uoga wake kama mtu anavyotaja kabila lake.

Aliogopa radi. Aliogopa mbwa, hata mbwa mgonjwa aliyelala. Pikipiki hakupanda, akiitwa kwa mgonjwa wa mbali alitembea kwa miguu, na mwenye bodaboda aliyetumwa kumchukua alimfuata polepole kama anasindikiza maiti. Lakini kilichowachekesha watu kuliko vyote ni kwamba aliogopa ng'ombe, mwanamume wa Kikurya mzima. Siku moja ya kliniki ya watoto kundi la ng'ombe lilikatisha uani kwetu. Tabibu akaruka ndani, akapiga komeo, akawaacha nje akina mama wote na watoto wao mgongoni. Wale akina mama walicheka mpaka watoto wakaanza kulia. Ng'ombe walipopita mlango ukafunguka, akatoka, akanyoosha koti lake jeupe, akauliza, "Haya, nani anafuata?"

Mimi nilikuwa mhudumu pale. Nilifagia, nilichemsha vyombo, niliandika majina kwenye rejista, nilimsaidia muuguzi akina mama walipojifungua. Kijijini waliniita Mama Gati, kwa jina la binti yangu wa pekee.

Kwenye droo ya meza Tabibu aliweka futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa. Kila jeraha alilipima, hata la mtoto aliyejikwaa akicheza. Aliandika urefu, rangi, upande wa mwili na saa aliyoliona. Siku moja nilimuuliza kidonda cha kisigino kina haja gani ya kupimwa.

"Mkono ukizoea kupima vidogo," akasema, "hautatetemeka kwenye vikubwa."

Ulitetemeka hata hivyo. Ulitetemeka kila alipoishika PF3.

PF3 ni fomu ya polisi. Mtu aliyepigwa huanzia kituoni, akapewa fomu, akaja nayo kutibiwa, tabibu akaijaza, kisha ikarudi polisi. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini kutoka kwetu hadi kituo cha polisi ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na Tabibu alikuwa na msimamo wake: anayetoka damu atatibiwa kwanza, fomu itamkuta mbele. "Karatasi haivuji damu," alisema.

Wanawake wengi waliokuja kwetu walikuwa "wameanguka". Wameanguka kisimani, wameanguka jikoni, wameanguka wakitoka shambani. Hapo ndipo yule mtu mpole, aliyemwomba radhi kila mtoto kabla ya kumchoma sindano, alipokuwa mkali.

"Umeanguka juu ya nini?"

"Juu ya jiwe."

"Jiwe hilo lina vidole vitano?"

Tabibu alitazama dirisha, akatazama mlango, kisha sauti ikashuka.

"Sikiliza, mama. Mimi sikuwepo. Nani amefanya, siwezi kuandika, jeraha halina jina la mtu. Jina utalitaja wewe, kwa mdomo wako, polisi kwanza, halafu mahakamani mbele yake. Mimi nitasema tu kwamba huku si kuanguka. Jirani aliyesikia atasema alichosikia, na aliyeona atasema alichoona. Maneno haya yakikubaliana, kuna kesi. Yakipishana, aliyekupiga ataachiwa, afike nyumbani kabla yako."

Namkumbuka mwanamke mmoja, mdomo umevimba, aliyemuuliza swali kwa dhati kabisa: "Kwani Tabibu, kumpiga mke ni kosa?"

"Ni kosa. Sheria ya ndoa haimpi mtu ruhusa ya kumchapa mwenzake. Mahari haitoi ruhusa. Ila ukifika mahakamani usitafute kosa linaloitwa kupiga mke, hutalisikia. Utasikia shambulio, utasikia kujeruhi, utasikia madhara makubwa. Inategemea hapa nimepima nini." Akajifuta jasho la paji la uso. "Sasa nenda polisi, mama. Nenda kabla sijaanza kuogopa."

Hayo yote niliyasikia nikiwa na tambara la kupigia deki mkononi. Niliyajua kwa moyo. Wanawake wakitoka nje wamechanganyikiwa mimi ndiye niliyewarudishia tangu mwanzo: anza polisi, taja jina, mtafute jirani, usifue nguo yenye damu. Kisha nilirudi nyumbani kwangu nikawa kama mtu ambaye hajawahi kusikia lolote.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, anazunguka minadani. Mlio wa pikipiki yake niliujua kati ya pikipiki zote za kata. Kabla ya kufika kwetu kuna kalvati, na pale ilimbidi abadilishe gia. Gia ikiingia taratibu, ilikuwa siku njema. Ikikwaruza, Gati aliacha alichokuwa akifanya, akatoka kwenda kwa jirani yetu Bibi Robi bila kuambiwa na mtu. Alikuwa na miaka saba.

Tabibu alijua. Siku moja nilikuja kazini nimejifunga kitenge shingoni, na jua lilikuwa la kuchoma. Alinitazama, akatazama dirisha.

"Mama Gati, leo umeanguka?"

"Nimeanguka, Tabibu."

Hakuuliza juu ya nini. Nilimchukia kwa kutouliza, na nadhani ningemchukia zaidi kama angeuliza.

Sababu ya kutouliza aliniambia mwenyewe, mchana mmoja wa mvua ambapo hapakuja mgonjwa. Miaka miwili kabla sijaajiriwa alikuja mwanamke mmoja, Wankuru, na PF3 mkononi na jicho la kulia limefunga kabisa. Mumewe alimfuata akasimama dirishani, panga kwapani kama mtu anayekwenda shambani. Hakusema neno. Wankuru alinong'ona, "Amenipiga na mpini wa jembe." Na Tabibu, mkono ukitetemeka, akaandika kwamba mgonjwa anasema aliteleza.

"Kule polisi Wankuru alikuwa amesema amepigwa," Tabibu akaniambia. "Fomu yangu ikasema ameteleza. Mwendesha mashtaka atashika lipi? Jalada likafungwa. Mwanamume akarudi nyumbani kabla ya jua kuzama. Baada ya wiki tatu nikaletewa Wankuru tena, na lile jicho halikuwa la kuponywa." Alikuwa anaangalia mvua. "Jicho lile nililitoa mimi, Mama Gati. Nililitoa kwa kalamu."

Niliinuka nikaenda kufagia chumba nilichokuwa nimeshakifagia.

Siku yangu ilifika mwezi wa kuvuna mtama. Mama mmoja alichelewa kujifungua, nami nikachelewa kutoka. Nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na fimbo ya kuchungia, na pikipiki ilikuwa imezimwa kitambo. Yaani sikuwa na mlio wa kunionya.

"Ulikuwa wapi?"

"Kuna mama amejifungua. Mtoto alikaa vibaya."

"Na Tabibu alikuwepo?"

"Alikuwepo. Ni kazi yake."

"Kazi yake," akasema, na fimbo ya kwanza ilinipata juu ya nyusi. Ya pili niliikinga kwa mkono wa kushoto. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Nakumbuka niliwaza jambo moja tu, kwamba Gati asitoke ndani, kisha nikamwona hayuko ndani, yuko kwenye ua wa michongoma, ameshikilia sketi ya Bibi Robi, na Bibi Robi anapiga kelele kwa nguvu zake zote za uzee, akimwita kijana kwa Kikurya: "Mura! Unaua mtu! Mura, nakuona, unaua mtu!"

Mume wangu aliposikia neno "nakuona" aliacha. Aliwasha pikipiki akaondoka.

Bibi Robi alinishika mkono mzima akanipeleka zahanati. Tabibu alikuwa anafunga. Alipotuona alitazama nyuma yangu kama kawaida yake. Hapakuwa na mtu, ila Gati. Ndipo akanitazama mimi.

"Umeanguka?"

"Sikuanguka."

Alifumba macho. "Mungu wangu," akasema polepole sana, kama mtu aliyesomewa majibu ya kipimo aliyokuwa akiyaogopa. Kisha akafungua mlango upya. Alinishona nyusi, akaufunga mkono kwa vipande vya mbao, na muda wote huo alikuwa akipumua kwa mdomo.

Jioni ile ile mimi, Bibi Robi na Gati tulipanda bodaboda hadi kituoni. Askari wa dawati la jinsia, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliandika maelezo yangu na ya Bibi Robi, akanipa PF3. Nilidhani kulitaja jina la mume wangu kungenipa nguvu. Nililitaja nikahisi nimefungua mlango ambao sitaweza kuufunga tena.

"Kuanzia sasa wewe ni shahidi," yule afande akaniambia. "Mwenye kesi ni Jamhuri. Ukiitwa mahakamani ni lazima uje, hata kama mmepatana. Umenielewa?"

Nilielewa, nikaogopa zaidi. Tulilala kwa ndugu yake Bibi Robi jirani na kituo, na asubuhi tukampelekea Tabibu fomu aijaze, ili niende nayo Mugumu kupigwa picha ya mkono.

Alikuwa ameandika mstari mmoja tu kivuli kilipoingia dirishani. Mume wangu. Alikuwa ameweka viwiko vyake kwenye kizingiti cha dirisha, ametulia kama mtu aliyekuja kuuliza bei ya dawa.

"Tabibu," akasema. "Andika vizuri."

Kalamu ilianguka. Iliviringika ikaingia chini ya kabati. Nilimtazama Tabibu nikaona midomo yake imekauka, na nikajua, kwa uhakika kama ninavyojua jina langu, kwamba anamwona mwanamume mwingine pale dirishani, na panga kwapani. Nikaanza kupanga maneno ya kumsamehe.

Akatoa kalamu ya pili. Mkono wa kulia ulitetemeka hadi akaushika kwa mkono wa kushoto, akaandika hivyo, mkono mmoja umeushikilia mwingine. Alisoma kwa sauti kila alichoandika, sauti nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni: "Jeraha juu ya nyusi ya kushoto, sentimita nne. Mkono wa kushoto chini ya kiwiko umevimba, mfupa unadhaniwa umevunjika. Majeraha ya kitu kigumu, butu. Hayalingani na kuanguka." Akapiga muhuri. Nusu ya muhuri ikaingia mezani. Akapiga tena.

Mume wangu alicheka kidogo, akaondoka. Tabibu akatoka mlango wa nyuma, nilimsikia akitapika.

Siku ya tatu wazee walimjia. Walitaka yamalizwe nyumbani, mume wangu atozwe faini, mimi nirudishwe. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alikuwa amenibeba nilipokuwa mtoto. Walimwomba Tabibu aseme fomu imepotea.

"Wazee wangu, shikamooni," akawaambia, na Bibi Robi aliyekuwa kwenye benchi ndiye aliyenisimulia. "Fomu si yangu. Ni ya serikali. Ikipotea nitafungwa mimi. Ninyi nawaogopa sana, mnaniona ninavyotetemeka. Lakini serikali naiogopa kuliko ninyi."

Waliondoka wakimdharau. Nafikiri ndivyo alivyotaka.

Mume wangu alikamatwa, akasomewa shitaka, akapata dhamana. Mimi na Gati tulikuwa kwa kaka yangu Mugumu, mkono kwenye plasta. Nilichota maji nikitazama nyuma. Nilienda sokoni nikitazama nyuma. Picha ya hospitali ilionyesha mfupa umekatika, na mwendesha mashtaka akasema shitaka ni kusababisha madhara makubwa, si shambulio la kawaida ambalo hakimu angeweza kutusuluhisha akatuambia twende nyumbani.

Nilitoa ushahidi wangu nikiangalia sakafu. Bibi Robi alitoa wake akimwangalia yeye usoni. Fomu ilipotolewa kuwa kielelezo, hakimu akamwambia mume wangu kwamba ana haki, akitaka, tabibu aliyeijaza aitwe ili amhoji.

Mume wangu akatabasamu. "Namtaka," akasema. "Aje mwenyewe."

Alikuwa anajua anamwita nani. Kijiji kizima kilijua. Kesi ikaahirishwa wiki mbili. Niliwaza atasema anaumwa. Niliwaza atakimbia arudi kwao Kemambo. Mimi mwenyewe ningekimbia.

Alikuja. Alikuja kabla mahakama haijafunguliwa, viatu vimejaa vumbi, kwa sababu alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alipanda kizimbani cha mashahidi akashika ubao wake kwa mikono miwili. Akaapa. Akasoma vipimo vyake. Kisha mume wangu akasimama kumhoji.

"Wewe na mke wangu mna nini?"

Watu wakageuka kunitazama.

"Ni mhudumu wangu wa kazi," Tabibu akasema.

"Nakuuliza mna nini. Anachelewa kwako kila siku. Umeandika uongo kwa sababu ni mwanamke wako."

Tabibu alitetemeka hadi ubao wa kizimba ukagonga. Akaomba maji. Karani akampa. Nusu ilimmwagikia kifuani.

"Mheshimiwa hakimu," akasema, "mimi ni mwoga. Kila mtu aliyetoka kijijini anajua. Naogopa ng'ombe. Huyu bwana namwogopa toka siku ya kwanza niliyomwona. Mtu kama mimi hawezi kuchukua mke wa mtu kama huyu." Kuna watu walicheka, hakimu akawatazama, wakaacha. "Na kama ningeweza kuandika uongo, ningeuandika ule aliotaka yeye. Alikuwa amesimama dirishani. Uongo huo ulikuwa rahisi."

"Sina swali lingine," mume wangu akasema.

Alitiwa hatiani, akafungwa. Akitolewa na askari hakunitazama mimi. Alimtazama Tabibu, muda mrefu.

Baada ya miezi miwili nikasikia Tabibu amehama. Hakuniaga. Hakuacha hata salamu kwa Bibi Robi. Walisema ni presha, ameomba kituo kingine. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Niliona kama amenawa mikono. Nilikaa na kinyongo hicho miaka, nikiuza nguo za mitumba za watoto hapo sokoni Mugumu, Gati akikua.

Mwaka jana nilimpeleka Gati hospitali kwa jino. Kwenye benchi la kliniki ya macho alikuwa ameketi mzee mwembamba, shati limechomekwa, kitambaa cheupe juu ya jicho moja.

"Shikamoo, Tabibu."

"Marahaba." Akageuza kichwa, akasikiliza. "Mama Gati. Lete mkono."

Nikampa wa kushoto. Aliupapasa kwa vidole, taratibu, kutoka kiwiko hadi kifundo. "Umeunga," akasema. "Umepinda kidogo. Unafanya kazi?"

"Unafanya."

"Na yeye?"

"Alishatoka. Wanasema yuko Sirari."

"Unamwogopa?"

"Kila siku, Tabibu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia taarifa ya hali ya hewa. Nikamuuliza kwa nini aliondoka bila kuniaga, nikasikia sauti yangu ina hasira.

"Ndugu zake wawili," akasema. "Baada ya hukumu walianza kuja zahanati. Wanakaa kwenye benchi la wagonjwa tangu asubuhi. Nawaita, karibuni, mnaumwa nini? Wananiambia, 'Bado hatujaumia, Tabibu. Tunasubiri.' Mpaka nafunga. Kesho wako pale. Hawakunigusa, hawakunitukana. Ningeripoti nini polisi? Kwamba watu wamekaa kwenye benchi?" Alijipangusa chini ya kitambaa. "Nilivumilia wiki saba. Ya presha haikuwa uongo, ilikuwa imepanda kweli. Kukuaga sikuthubutu. Nilidhani wakiniona nakuja Mugumu watajua unapoishi."

Nilikaa karibu naye. Mwaka baada ya mwaka nilikuwa nimemlaumu mtu huyu, kumbe alikuwa ananificha. Nikaanza kumshukuru, maneno yakagongana, naye akainua mkono kunizuia.

"Usinishukuru. Nimezeeka, nitakuambia kweli. Ile jioni ulipoingia na mkono wako, nilitamani ungekwenda kwa mwingine."

"Hata mimi nilitamani," nikamwambia. "Hapakuwa na mwingine."

Mara mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha chini kisicho na sauti, ambacho katika miaka yote tisa sikuwahi kumwona nacho. Nami nikacheka, hadi watu wa kwenye foleni wakatugeukia na Gati akaniuliza kuna nini, shavu limevimba. Muuguzi wa kliniki ya macho akatoka akaita jina la Tabibu. Nikamshika kiwiko, tukaingia.